Waliniuliza Dagaa, Nikawajibu Kuhe

Kuna kijiji kwenye mwambao wa Uvinza, Ziwa Tanganyika, ambacho mpaka leo nikishuka mtumbwini, kabla sijavaa viatu, natupa jicho kwenye vichanja vya dagaa kuona kama mama mmoja yupo. Nikimwona najiandaa. Hanidai hela. Ananidai dagaa.

Ilikuwa hivi. Miaka kadhaa iliyopita ilitakiwa kijiji kile kitenge eneo la mazalia ya samaki, yaani kipande cha maji kando ya miamba ambacho kisingevuliwa kabisa. Mimi nikaitwa kama mtaalamu wa kueleza sayansi yake. Tulikaa kwenye darasa la shule ya msingi, magoti yakigonga madawati, ramani zangu nimezibandika ubaoni. Nikaeleza jinsi kuhe, yule samaki mkubwa wa ziwa letu, anavyotaga, dume na jike wakilinda vifaranga wao pamoja, na kwamba ukiwanasa wazazi wakati ule umevua na watoto ambao hukuwaona. Nilieleza vizuri, hilo sijinyimi. Wazee walitikisa vichwa, na mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi, akaniongezea dakika bila kuombwa.

Mama mmoja akanyoosha mkono. "Bwana samaki, tukifunga hapo, dagaa watarudi?"

"Ndiyo, mama. Vumilieni mwaka mmoja, mtaona samaki."

Kasema dagaa, nimejibu samaki. Mle darasani hakuna aliyeshtuka, hata mimi sikushtuka. Nilikuwa na majibu ya kuhe na samaki wengine wa miambani, basi kila swali lililokuja nikalivalisha shati hilohilo.

Mwaka ukapita. Kuhe walionekana zaidi, hata watoto waliokuwa wakioga ziwani walisimulia. Vichanja vya dagaa vilibaki vilevile, siku za neema na siku za ukame. Kwenye mkutano wa kupitia makubaliano yule mama akasimama, kanga kiunoni: "Wa kwenu tumewaona. Wa kwangu wako wapi?" Hoja ya kupanua eneo haikufika kwenye kura siku ile, wala mkutano uliofuata.

Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza wafanye nini ili ushauri wao wa uhifadhi usikilizwe. Mimi nilisikilizwa sana, na ndiyo maana deni likawa kubwa.

Tangu hapo natembea na daftari la shule, lile la kurasa themanini. Mtu akiuliza, naandika swali lake kwa maneno yake, si kwa maneno ya andiko la mradi, kisha namsomea tena kabla sijafungua mdomo. Wengi husema, "Hapana, sikumaanisha hivyo," na hapo tu umeshaokoa nusu ya mkutano. Chini ya swali nachora mistari mitatu: ninachokijua, ninachokikisia, nisichokijua. Visiingiliane. Mtaalamu huharibu kazi pale mstari wa pili unapopanda na kukaa wa kwanza kwa sababu watu wamepiga makofi.

Swali la mama lingestahili jibu refu kidogo. Dagaa wa Tanganyika ni wa maji ya wazi. Wanakula viumbe vidogo vinavyoelea, navyo vinategemea mwani, na mwani unahitaji virutubisho vilivyolala chini. Ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini oksijeni inaishia kwenye mita mia mbili hivi za juu. Chini ya hapo ni ghala lililofungwa. Upepo wa kiangazi ndio unaosukuma maji ya juu na kuruhusu kidogo kilichomo ghalani kupanda juu. Sasa maji ya juu yakizidi kupata joto yanakuwa mepesi, yanakaa juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo uleule haukorogi tena kama zamani. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba uzalishaji wa ziwa umeshuka kwa takribani asilimia 20, na kwamba hilo linaweza kumaanisha upungufu wa samaki wa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 timu ya Andrew Cohen ilisoma mabaki ya samaki kwenye tope la chini ya ziwa na kukuta kwamba kupungua kulianza kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujashamiri katikati ya karne ya 20.

Kuna watu wakisikia hivyo wanafurahi, wanasema basi nyavu hazina kosa. Siyo. Ziwa linalozaa kidogo ndilo lisilohimili nyavu zilezile. Kipato kikipungua nyumbani hupunguzi maswali kwa anayetumia, unayaongeza.

Kwa hiyo mistari yangu mitatu ingesomeka hivi. Najua: eneo la mazalia linawasaidia samaki wanaozaliana na kukaa pale kwenye miamba. Nakisia: kwa kuwa baadhi ya dagaa wachanga hukaa karibu na pwani, kuondoa kokoro, zile nyavu za kukokota, ufukweni kunaweza kuwapa nafasi. Sijui: kichanja cha mama kitaongezeka kwa kiasi gani, na lini. Ningesema hivyo, pengine kijiji kingekubali kwa sababu ya kuhe peke yake. Au kingekataa. Lakini nisingekuwa na deni.

Hili lilinirudia mwaka 2024, Tanzania ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Nilikuwa Kibirizi, mwalo wa pale Kigoma, na kila kijana mwenye fulana ya mradi alikuwa anaahidi neema. Nilimvuta mmoja pembeni, nikamwambia, mwanangu, waambie watu kufungwa kunaweza kufanya nini: samaki wapumzike, wachanga wakue, makundi yaliyochoka yapate ahueni. Waambie na kisichowezekana. Kufunga ziwa hakupoozi maji. Ukiahidi yote, siku ya kufungua mtu atakuja na beseni tupu akutafute wewe, na waziri hatakuwepo hapo.

Halafu kuna suala la takwimu, ambalo wataalamu wengi tunalipita haraka kwa sababu linatuaibisha. Ushauri wowote kuhusu dagaa umesimama juu ya daftari la karani wa mwaloni, pale mitumbwi inapopakua samaki. Kaa naye asubuhi moja. Mtumbwi unafika, anauliza, "Ndoo ngapi?" Anajibiwa, "Kumi na mbili." Anaandika 12. Sasa tazama ndoo yenyewe. Moja imejaa sawasawa na ukingo, ya pili imerundikwa mpaka dagaa wanateleza, ya tatu ina maji ya ziwa chini kiasi cha vikombe viwili. Huko ofisini mtu anazidisha 12 kwa kilo alizoambiwa na mtu mwingine, anachora mstari unaoshuka au kupanda, na mstari huo unapanda gari kwenda Dodoma. Ongeza mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti, mitumbwi inabaki nchi kavu. Ukichukua sampuli siku kumi za mwezi mpevu na mwenzako siku kumi za giza, mtabishana mwaka mzima kuhusu ziwa moja. Mimi nilishafanya hivyo, na aliyenishtua ni mvuvi aliyeniuliza kwa upole kama nilikuwa nahesabu samaki au nahesabu mwezi.

Kabla hujashauri, pima ndoo kumi kwa mzani. Ni kazi ya asubuhi moja na utanuka wiki nzima.

Mambo ya vibali sitakaa nayo. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kwanza, TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, kama ni wanyamapori, barua ya utambulisho kutoka mkoani, kisha wilayani, kisha mtendaji wa kijiji, na kila mahali daftari la wageni. Usiruke hata hatua moja kwa sababu unajuana na mtu.

Mara nyingi watu hunitajia Gombe, hifadhi ya sokwe huku Kigoma, kama mfano, na ni mfano mzuri, ila huchukua kipande kisicho chenyewe. Wanakumbuka kwamba Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alishuka ufukweni 14 Julai 1960, na miaka ya utafiti iliyofuata. Mimi hunigusa zaidi yaliyotokea baadaye. Karibu na mwaka 1990 aliruka kwa ndege ndogo juu ya eneo lile na kuona vilima vya jirani vimebaki uchi, msitu wa sokwe umezungukwa kama kisiwa. Mtafiti angeweza kuandika makala nyingine kuhusu sokwe. Badala yake, mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE wa kufanya kazi na vijiji vya jirani, na vijiji vilipoulizwa vinataka nini, vilizungumza afya, maji na shule. Miti haikuwa ya kwanza. Ushauri wa kisayansi ukalazimika kupitia zahanati ndipo ufike msituni.

Baadaye zikaja picha za satelaiti, kazi ambayo Lilian Pintea, mwanasayansi wa taasisi ya Jane Goodall, ameifanya sana, na wanavijiji wakakaa nazo kupanga matumizi ya ardhi yao. Nimehudhuria vikao vya namna hiyo. Unatandika picha mezani, watu wananyamaza dakika mbili, kisha mtu anaona paa la nyumba yake na hapo kikao kinaanza. Mzee mmoja, nakumbuka, aliweka ukucha kwenye bonde akasema chemchemi mmeiweka mteremko wa watu wengine. Tulikwenda kuangalia. Ilikuwa kweli, chemchemi ilikuwa upande wa pili wa mgongo wa kilima, na mpaka wa msitu wa kijiji tuliokuwa tunaupendekeza ungeiacha nje.

Gombe pia walijirekebisha. Kwa miaka mingi sokwe waliwekewa ndizi ili wasogee waonekane, na zilileta msongamano na ugomvi. Utaratibu ule ukaisha kabisa mwaka 2000. Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe kando ya ziwa, nako watafiti wa Kijapani, walioanza na Toshisada Nishida mwaka 1965, walitumia miwa, nayo ikaachwa. Namwambia kila mshauri kijana: kama watu wa Gombe na Mahale waliweza kusema njia yetu ilikuwa na kasoro, wewe na ramani yako ya juzi unaogopa nini?

Sasa huko halmashauri. Mkurugenzi ana mafaili ya madarasa, zahanati na daraja lililobebwa na mvua. Ripoti yako ya kurasa tisini atasoma jalada. Mpe ukurasa mmoja. Swali juu kabisa, kisha machaguo mawili au matatu, na kila chaguo litaje gharama yake na anayeibeba. Hapo kwenye anayeibeba ndipo wengi huishiwa wino. "Kufunga mwalo huu" inasomeka vizuri mpaka uandike kwamba wanaobeba ni akina mama wa vichanja na vijana wa kupakua, kwa miezi mitatu, kipindi cha kununua sare za shule. Ukishaandika hivyo, madiwani wanaanza kuzungumza mambo ya kweli.

Na kura ni yao. Diwani mmoja aliniuliza kikaoni, "Mtaalamu, ungekuwa wewe ungechagua lipi?" Nilimjibu, lakini kwanza nilivua kofia ya kazi: nikasema hapa naongea kama mkazi wa Kigoma mwenye kadi ya kupigia kura, nina kura moja kama huyu dereva wangu. Walicheka, na nikaona walielewa.

Jambo chungu kidogo. Shirika moja lililokuwa linanilipa liliniomba nifute sentensi iliyosema hakuna ushahidi bado kwamba mradi umeongeza samaki. Walisema haina haja, inawachanganya wafadhili. Sikuifuta, na sikuitwa tena. Sijivuni, ada ya shule ya mwanangu mwaka ule niliikopa. Ila siku hizi, kabla sijasaini, naomba mkataba useme kwamba ripoti itasomwa kijijini kama ilivyo. Ambaye hataki anajitoa mapema, na mimi natafuta kazi nyingine mapema.

Na matokeo yarudi yalikotoka. Niliwahi kukuta ukurasa wa ripoti yangu mwenyewe, wa jedwali la tatu, umefungiwa dagaa wa kukaanga pale sokoni. Kosa si la muuzaji. Nilileta nakala moja nene ya lugha ya kigeni, ungeitumiaje zaidi ya hapo? Sasa naacha nakala mbili za Kiswahili, moja kwa mtendaji na moja kwa BMU, pamoja na nusu ukurasa wa herufi kubwa ninaoubandika kwenye kibanda cha mzani, wenye ile mistari mitatu. Wa mwisho niliubandika kwenye kijiji kile cha Uvinza. Yule mama aliacha kugeuza dagaa, akafuta mikono kwenye kanga, akausoma wote taratibu. Akaweka kidole kwenye mstari wa tatu, akaniuliza narudi lini kuufuta.