Benki ya wenyeji na karakana za mjini: niliyoyaona Moshi

Ndugu mwanzisha uzi ameuliza kwa nini miji ya mikoani ina matawi ya benki kila kona ilhali viwanda vyake havikui, na kama benki ndogo za wenyeji, ambazo kadhaa zimekwisha kufungwa, ziliwahi kuwa na faida yoyote. Nimeendesha karakana ya vyuma mjini Moshi kwa miaka 19, na naamini kwamba wingi wa matawi hauna uzito mkubwa. La msingi ni mahali ambapo uamuzi wa mkopo unafanyika, na kama anayeufanya anaujua msimu wa eneo hilo.

Tunatengeneza mashine za mkono za kumenyea kahawa. Wakulima wa Machame na Rombo huanza kuleta oda mwezi Mei, kabla buni haijaiva, nasi hulazimika kununua chuma na bati la shaba la kuvalishia silinda miezi kadhaa kabla ya kulipwa, kwa kuwa mkulima hushika fedha baada ya kufikisha kahawa yake kwenye chama cha msingi, yaani ushirika wa kijijini kwake. Mwaka wangu wa tatu niliomba mkopo katika tawi la benki moja kubwa. Afisa mikopo alinisikiliza kwa heshima, akajaza fomu na kuituma makao makuu Dar es Salaam, na baada ya wiki saba jibu likarudi kwamba nimepewa nusu ya nilichoomba na kwamba marejesho yaanze mwezi unaofuata. Wakati huo wateja wangu wengi walikuwa wamekwisha kuazima mashine za majirani. Simlaumu yule kijana, maana hakuwa na mamlaka ya kusogeza hata tarehe moja.

Mwaka uliofuata nilikwenda katika benki ndogo ya hapa hapa mkoani. Afisa wake alikuja karakana asubuhi, akaomba daftari la oda na kulisoma ukurasa kwa ukurasa, na alipofika kwenye majina ya kijiji alichozaliwa mama yake akanieleza ni nani hulipa kwa wakati na ni nani hungoja malipo ya pili ya ushirika, yale yanayokuja baada ya kahawa kuuzwa. Kisha akapitisha kidole kwenye meno ya shaba ya silinda iliyokuwa juu ya meza, akauliza kwa nini punje nyingine hukatika wakati wa kumenya, nami nikamwonyesha skrubu inayorekebisha nafasi kati ya silinda na bamba. Mkopo ulitoka siku ya kumi na moja, tukalipa riba peke yake hadi Novemba. Msimu huo niliajiri vijana wanne, na mishahara yao ikaishia kwa mama lishe wa jirani, kwa wenye nyumba za kupanga na kwa wauza vyuma chakavu. Akiba ambazo wakulima walikuwa wameziweka katika benki ile ziliwarudia zikiwa mashine. Akiba hizo hizo zikichukuliwa na benki inayoona ni salama zaidi kununua hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, mkoa unabaki kuwa mahali pa kukusanyia amana tu.

Kilimanjaro ililijua hili zamani. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kilianzishwa mwaka 1933, na mjini Moshi ndiko Chuo cha Ushirika kilikofunguliwa mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 benki za biashara zilitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) ikaundwa, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Moshi ilipata viwanda vya umma, vikiwemo cha magunia na cha mashine na vipuri, lakini uamuzi juu ya fedha zake ulikuwa umehamia mbali na watu waliovizunguka. Sheria ya benki ya 1991 ndiyo iliyofungua tena mlango, na Benki ya Ushirika ya Kilimanjaro ikazaliwa katika muongo huo.

Hata hivyo, ukaribu ule ule una hatari yake, na wanaozitetea benki hizi wanapaswa kuikubali. Bei ya kahawa ikianguka, mkulima, karakana yangu na duka la pembejeo hushindwa kulipa kwa wakati mmoja, na benki yenye mtaji mdogo haina mkoa mwingine wa kuegemea. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki 5 kwa upungufu wa mtaji, zikiwemo ya wakulima wa Kagera, ya wananchi wa Njombe na ya Meru, na bima ya amana wakati huo iliishia shilingi 1,500,000 kwa mteja. Aliyekuwa ameweka mtaji wake wote humo aliumia sana.

Ujerumani ina benki za akiba za miji na wilaya zaidi ya 300. Kila moja hukopesha hasa katika eneo lake, lakini zote zimefungwa pamoja na mfumo wa kuokoana. Benki ya Ushirika Tanzania, iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025 na kuijumuisha ile ya Kilimanjaro, inaweza kutupatia kinga ya namna hiyo. Ninachoomba ni kwamba meneja wa Moshi aachiwe kiwango cha mkopo anachoweza kukisaini mwenyewe, pamoja na ruhusa ya kupanga marejesho kwa kufuata mavuno. Oda za mwaka huu zimeanza kuingia daftarini, na bati la shaba bado sijanunua.