Swali nililoliogopa nilipoanza kujitolea

Miezi ya kwanza ya kujitolea kuwasikiliza watu wenye matatizo ya afya ya akili nilikuwa naongea sana. Mtu akiniambia hapati usingizi, namwambia ajikaze, asali, atafute shughuli. Anaitikia kwa adabu, ananishukuru, na nikirudi wiki inayofuata naambiwa hayupo.

Aliyenibadilisha ni mama mmoja aliyekuja na malalamiko ya kichwa. Kichwa, kisha mgongo, kisha "moyo unanienda mbio." Ni wachache wanaosema wana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, wengi husema wana mawazo. Siku hiyo nilinyamaza. Akawa anakunja pindo la nguo yake, anakunjua, anakunja tena. Kimya kilinielemea, nikajizuia nisikivunje. Ndipo akasema: "Kuna siku naona bora nisiwepo."

Ukisikia hivyo, usizunguke. Uliza: "Unafikiria kujiua?" Nililiogopa sana swali hili nikidhani nitamtia wazo ambalo hana. Sivyo. Tafiti zimeonyesha kwamba kuuliza hakumsukumi mtu kujiua, na huyu mama alishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Akikubali, muulize kama ameshapanga namna ya kufanya. Akiwa na mpango, usimwache peke yake, sumu na dawa ziondolewe karibu naye, na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kosa langu ni kwamba sikuwa nimemweleza mapema kuwa siri yake nitaitunza isipokuwa uhai ukiwa hatarini. Ilibidi nimweleze huku analia. Siku hizi ndilo jambo ninaloanza nalo.

Na rufaa si karatasi. Niliwahi kumwandikia kijana jina la kituo, na miezi miwili baadaye karatasi ilikuwa bado mfukoni mwake, imechakaa. Nenda naye. Kabla ya kwenda, ulizia muuguzi wa afya ya akili yupo siku gani na dawa zipo au hazipo, maana mtu akisafiri mbali akakuta mlango umefungwa, hatarudi.

Wanaotudharau kwa kuwa hatukusomea udaktari watazame Zimbabwe. Mwaka 2006 Dkt. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza na bibi 14 huko Mbare, Harare. Walikaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakitumia neno la Kishona lenyewe, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa.

Lakini bibi wale walifundishwa, na walikuwa na wasimamizi. Kwa hiyo kabla hujakubali kujitolea, uliza utampigia nani saa nne usiku mambo yakikushinda, na nani atakusikiliza wewe. Mimi nina msimamizi ninayekaa naye kila Ijumaa. Namweleza niliyoyasikia bila kutaja majina, na kuna Ijumaa nyingine sisemi kitu, nalia tu. Usipotajiwa mtu, usiende kwenye nyumba ya kwanza mpaka apatikane.