Moto wa kambi: mimi huogopa zaidi asubuhi

Viongozi wengi wa kambi za vijana huku Moshi na Arusha huwa macho usiku, miali ikiruka na watoto wakiimba. Mimi wasiwasi hunianza watu wakishalala. Alfajiri jivu linaonekana limepoa, mtoto anatoka hemani pekupeku kwenda chooni, anakatiza katikati yake. Chini kuna makaa mekundu.

Na kinachochangia ni ile tabia ya kufukia moto kwa udongo. Waulize wachoma mkaa: udongo hutunza joto. Mwaga maji, koroga kwa sepeto, geuza kila kijinga, mwaga tena. Halafu sogeza mgongo wa mkono karibu na jivu. Ukihisi joto lolote, rudia. Kazi hii ianze nusu saa kabla ya kulala, si watu wakiwa wanasinzia. Ndoo ya maji ya kuzimia moto ijazwe kabla kiberiti hakijawashwa, na mpishi aambiwe wazi kwamba hayo si maji ya chai.

Mahali pa kuwashia pafyekwe hadi udongo utupu, mbali na matawi na mizizi, kwa sababu mzizi mkavu unaweza kuungua chini kwa chini na kuibukia kwingine. Hema zikae upande upepo unakotoka. Mafiga yasitoke mtoni: maji yaliyojificha ndani ya jiwe hugeuka mvuke, nalo hupasuka na kurusha vipande. Petroli na mafuta ya taa visikaribie kabisa. Kuni zikiwa mbichi, mtaimba gizani.

Kuhusu mavazi, majaketi ya mitumba tunayonunua soko la Memorial, Moshi, mengi ni ya nailoni, na nailoni ikipata moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Anayechochea avue skafu, na khanga ifungwe vizuri.

Julai kukiwa na baridi, kuna kiongozi mwenye huruma atakayetaka kuwaingizia watoto jiko la mkaa hemani. Mkatalie, hata kama ni mkubwa wako. Kaboni monoksaidi, hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina harufu, na huua mtu akiwa usingizini.

Mkipanda Kilimanjaro, sahauni kuota moto. Kuni haziruhusiwi hifadhini. Oktoba 2020 moto ulianzia eneo la Whona, njia ya Marangu, ukateketeza maelfu ya hekta kwa siku kadhaa.

Mtu akiungua, vua pete na saa haraka, kisha weka jeraha kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Hakuna dawa ya meno, hakuna yai, hakuna asali. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali. Zimamoto ni 114, ila watakuuliza mko wapi. Kwa hiyo kabla giza halijaingia, kila kiongozi ajue jina la kijiji na njia ambayo gari linaweza kupita.