Muvi za Iran: usianzie pale nilipoanzia mimi

Mimi nilianzia pabaya. Nilisoma kwamba Taste of Cherry ya Abbas Kiarostami ilibeba Palme d'Or, tuzo kubwa kabisa ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 1997, nikasema basi hiyo ndo yenyewe, nikachoma bando, jamaa anaendesha tu gari kwenye vumbi akitafuta mtu wa kuja kumfukia akifa, anaendesha, anaendesha, nikapitiwa na usingizi. Nikazisusa muvi za Iran karibu miaka miwili.

Kwa hiyo wewe achana na tuzo kwanza, anza na Children of Heaven ya Majid Majidi. Kaka kapoteza viatu vya mdogo wake wa kike, nyumbani hela hakuna, baba hawathubutu kumwambia, basi wanavaa pea moja ya raba kwa zamu, binti anasoma asubuhi halafu anatoka mbio kumkabidhi kaka yake wa mchana. Aliyesoma shule ya shifti mbili ataielewa bila kuelezwa. Nilimwekea mama, ambaye hata tamthilia za Kituruki hamalizi, akakaa mpaka mwisho, "sasa huyo mtoto atafanyaje jamani?"

Ukinogewa nenda A Separation ya Asghar Farhadi, ndo iliyoipa Iran Oscar ya kwanza, 2012. Mume na dada wa kazi wanagombana mpaka mahakamani, hiyo usiangalie peke yako. Sisi tulikuwa wanne, wawili upande wa mume, wawili wa yule dada wa kazi, tukabishana hadi saa saba usiku na hatujapatana mpaka leo.

Halafu hizi hazijatafsiriwa na madijei, utasoma maandishi ya chini, kwa hiyo simu weka mbali. Na ukiona mama kajifunika mtandio hata chumbani kwake usidhani ndo wanavyolala, ni sheria, mwanamke kwenye skrini lazima afunike nywele.

Muongozaji Jafar Panahi muache baadaye. Mwaka 2010 mahakama ya Iran ilimpiga marufuku kutengeneza filamu miaka 20, yeye akajifanya dereva wa teksi Tehran, kamera kaitega kwenye dashibodi, na hiyo Taxi ikachukua Golden Bear, tuzo kuu ya tamasha la Berlin, 2015, tuzo akaipokea mpwa wake mdogo maana mwenyewe hakuruhusiwa kusafiri. 2025 kabeba Palme d'Or. Hapo marufuku imesaidia nini sasa?

Taste of Cherry nimeirudia juzi, sikusinzia, ila ule mwisho bado unanichanganya, aliyeuelewa anieleze.