Kutu kwenye chumba cha injini ya boti: ziba tone kwanza, rangi baadaye

Mkuu, umeuliza dawa gani ya kupulizia ili injini ya dizeli iliyo ndani ya boti isiote kutu, maana ulikwangua, ukapaka rangi, na baada ya miezi michache bolti zimeota kutu tena na vichwa vya nyaya vimegeuka kijani. Dawa zipo, nitazigusia, ila ni kazi ya mwisho. Chumba kilichofunikwa hakipaswi kuwa na chumvi. Ikiwemo, kuna mahali inapoingilia, na usipopaziba hapo, kila rangi utakayopaka itabanduka.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, na yakikaukia juu ya chuma chenye joto chumvi yote inabaki pale. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, lakini chumvi za magnesi zilizochanganyika nayo huanza mapema zaidi, kwenye kama asilimia 33. Kwa hiyo ule utando mweupe unaouona mkavu mchana, usiku unalowa wenyewe. Kutu inaendelea kula hata boti ikiwa imelala gatini na haivuji chochote. Kitambaa kikavu hakiuondoi, mafuta ya kupulizia juu yake yanaufunika tu.

Sasa kulitafuta tone. Osha injini, iache ikauke kabisa, kisha tandaza kadibodi chini yake na funga tishu kuzunguka viungo unavyovishuku. Funga boti vizuri kwa kamba, ingiza gia, iache ifanye kazi nusu saa ikiwa na mzigo kidogo, maana kuna viungo visivyovuja mpaka vipate joto na msukumo. Zima, ndipo usogeze tochi. Ukikuta tone usilionje kwa ulimi, maji ya kupozea injini (yale yaliyochanganywa dawa ya rangi, si ya bahari) yana sumu. Lidondoshe kwenye kioo likauke: maji ya bahari yanaacha unga mweupe, maji ya kupozea yanaacha alama ya rangi inayonata, na jasho la bomba la baridi haliachi kitu.

Mshukiwa wa kwanza ni pampu ya maji ya bahari. Ndani yake kuna sili mbili, moja ya kuzuia maji na nyingine ya kuzuia oili, na katikati yake kuna tundu dogo linalotazama chini. Tundu likianza kudondosha maji ya chumvi, sili ya maji imekwisha. Kama pampu inaendeshwa kwa mkanda, puli inayazungusha yale matone na kuyarusha. Utaona mstari mweupe wa chumvi kwenye oltaneta na kwenye mbao za pembeni, sawasawa na mahali puli ilipo. Mstari huo ukiuona huna haja ya kutafuta kwingine. Kosa baya ni kuliziba tundu hilo kwa silikoni. Pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye gia za injini, maji yakikosa pa kutokea yanapenya sili ya pili na kuingia kwenye oili, na ukichomoa kijiti cha kupimia utakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa. Unapobadilisha sili, pitisha ukucha juu ya shafti ya pampu. Ukikwama kwenye mfereji, badilisha na shafti, la sivyo sili mpya haitadumu.

Wa pili ni pale shafti ya pangaboi inapotoka nje ya boti. Pakingi ya kamba ya kizamani (kamba inayobanwa kuizunguka shafti ili kuzuia maji) lazima idondoshe, kama matone mawili matatu kwa dakika shafti ikizunguka, na ikisimama iwe kavu au karibu na kavu. Ikizidi hapo shafti inatawanya maji mpaka kwenye gia na stata. Kaza nati robo mzunguko tu, endesha, kisha zima kabla ya kuligusa kasha lake: uvuguvugu ni sawa, ukishindwa kukiacha kiganja juu yake umekaza mno, pakingi inaungua na shafti inachimbika. Nati ikifika mwisho, badilisha pete zote, na miunganiko yake usiiweke mstari mmoja. Juu ya sehemu hiyo funga kikinga cha mpira au plastiki, kwa sababu hata matone halali yanarushwa.

Vali ya kuzuia maji yasijivute kurudi kwenye injini, ile iliyo juu ya kipinde cha mpira, watu huisahau kabisa. Chumvi ikiganda kwenye kimfuniko chake inatema maji kidogo kidogo, na mara nyingi inatema juu ya injini. Ifungue, ioshe kwa maji ya moto, na ikiwezekana iunganishie kampira kembamba kapeleke maji hayo chini kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika). Kiwiko cha eksozi nacho kinaliwa kutoka ndani, kwa sababu maji ya chumvi yanakutana humo na moshi wa moto. Michirizi myeusi yenye unga mweupe pembeni ya gasketi maana yake kifunguliwe ukione kwa ndani, usikaze tu bolti.

Klipu za mipira: chukua za chuma cha pua cha daraja la 316, bendi na skrubu vyote. Zipo nyingi ambazo bendi ni nzuri na skrubu ni chuma duni. Sumaku ikiing'ang'ania skrubu kwa nguvu, iache dukani. Mipira iliyo chini ya usawa wa maji iwe na klipu mbili kila upande, kama shingo ya bomba ina urefu wa kutosha kuzibeba zote.

Kuna na chumvi inayoingia kwa njia ya hewa, hii haina tone la kukuonyesha. Injini ya lita 2 yenye mipigo minne ikizunguka mara 3000 kwa dakika inameza karibu lita 3000 za hewa kila dakika. Kama tundu la hewa linatazama mbele au liko chini karibu na mawimbi, umeweka mashine ya kufyonza ukungu wa bahari. Ligeuze litazame nyuma, lipandishe juu, na ndani weka kibao ambacho hewa itakigonga kabla ya kupita, chenye tundu la kutolea maji nje. Usilipunguze ukubwa, injini itakosa pumzi.

Ukishaziba, ndipo uoshe. Injini iwe ya baridi, betri imezimwa, oltaneta, mdomo wa hewa na vifaa vya umeme vimefunikwa kwa nailoni. Maji baridi yasiyo na chumvi, sabuni kidogo, brashi laini, suuza mara mbili. Mashine ya presha hapana, inasukuma maji ndani ya sili na plagi. Siki nayo si ya chumvi, chumvi inayeyuka kwa maji matupu. Siki ni ya ule ukoko mgumu, na ikigusa alumini isuuzwe mara moja.

Rangi: kwangua mpaka chuma king'ae, kisha osha tena, kwa sababu chumvi iliyobaki kwenye vishimo ndiyo inayofura chini ya rangi mpya. Praima ya epoksi, halafu makoti mawili. Nashauri nyeupe au kijivu chepesi, uvujaji unaonekana siku hiyohiyo. Bolti za chuma cha pua zinazoingia kwenye alumini zipakwe kilainishi cha kutenganisha metali kabla ya kufungwa. Zikifungwa kavu, alumini inageuka unga na bolti haitoki tena. Baada ya hapo ndiyo dawa yako: ya nta au lanolini kwa bolti, mabano na mwili wa stata. WD-40 ni nyepesi, ni ya kufukuza maji zaidi kuliko kulinda kwa muda mrefu. Yoyote utakayotumia isiguse mikanda, mipira, vikalio vya injini wala eksozi.

Umeme una sheria zake. Waya za shaba zilizopakwa bati, vichwa vya kubana vizuri kwa koleo lake, na mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Waya ushuke kidogo kabla ya kupanda kwenye kiungo, maji yadondokee chini. Kiungo cha pampu ya ngama kikizama majini, umeme unaovuja unaweza kuharibu metali zaidi kwa siku chache kuliko kutu ya kawaida kwa miaka. Kupima waya hasi: msaidizi apige stata, wewe weka mita kati ya kichwa hasi cha betri na mwili wa injini. Kwenye mfumo wa volti 12, ikisoma zaidi ya 0.5 kuna kiungo kimeoza njiani.

Sampu ya oili (bakuli la oili chini ya injini) usiisahau, hasa ya bati. Inakaa karibu na ngama, haionekani, na ikitoboka, mara nyingi injini lazima inyanyuliwe. Pitisha kioo kidogo na tochi chini yake, na ngama ibaki kavu muda wote.

Zinki iliyo ndani ya kipoozeo (kipande kinacholiwa badala ya metali ya injini) ibadilishwe ikifika nusu, bila utepe wa mafundi bomba kwenye nyuzi zake, kwa kuwa lazima iguse metali. Na ukitaka kusuuza njia ya maji ya bahari, funga vali ya kuingizia, mimina maji yasiyo na chumvi kwenye chujio kwa ndoo huku injini ikizunguka taratibu, lita 20 hivi. Usiunganishe mpira wa bomba wenye presha injini ikiwa imezimwa: maji yatajaza eksozi na kurudi kwenye silinda.