Namba za Sensa Zikicheza Kwenye Draivu, Anza na Waya

Pampu ikipanda na kushuka mwendo yenyewe ilhali matumizi ya maji hayajabadilika, usikimbilie kununua sensa mpya ya presha. Katika kazi zangu za pampu, mara nyingi tatizo nimelikuta kwenye njia ya waya.

Draivu, kifaa kinachobadilisha mwendo wa mota ya pampu, hukatakata umeme unaokwenda kwenye mota maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato hurusha kelele ya umeme kwenye waya za jirani. Ingizo la 0–10 V, yaani sehemu ya draivu inayopokea volti za sensa, huathirika upesi: ikiwa 10 V ni 50 Hz, kelele ya 0.2 V tu inasogeza mwendo kwa 1 Hz.

Pima kwanza. Weka mwendo mmoja kwa vitufe vya draivu, kisha tazama thamani ya ingizo mota ikiwa imesimama na ikizunguka. Ikiwa inatulia mota ikisimama na kuruka ikizunguka, zima umeme na usubiri dakika zilizoandikwa kwenye kava, maana kapasita hubaki na chaji ya kuua. Chomoa waya za sensa, unganisha ingizo na 0 V yake kwa kipande kifupi cha waya, kisha washa tena. Namba ikitulia kwenye sifuri mota ikizunguka, draivu ni nzima, kagua waya.

Tumia waya mbili zilizosokotwa pamoja, zenye wavu wa shaba. Wavu ufungwe ethi upande wa draivu pekee, kwa klampu inayoukumbatia pande zote. Ule mkia mrefu unaosokotwa na kufungwa kwa skrubu moja unapoteza sehemu kubwa ya kinga. Upande wa sensa zungushia tepu. Kaa mbali na kebo ya mota, angalau sentimita 20 hadi 30. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa nyuzi 90. Kebo ya mota nayo iwe na wavu, ila huo hufungwa ethi ncha zote mbili.

Kama bado hujanunua sensa, nakusihi uchukue ya 4–20 mA, inayotuma kipimo kwa mkondo badala ya volti. Inastahimili kelele vizuri zaidi, na waya ukikatika mkondo unashuka chini ya 4 mA, hivyo draivu inaweza kupiga alamu.

Filta ya ingizo, yaani mpangilio wa draivu unaolainisha namba za sensa, iguse mwishoni. Ukiweka sekunde 2 namba itatulia, lakini draivu itachelewa kuona presha ikipanda, na mabomba ndiyo yatakayoumia. Mimi huanzia sekunde 0.1, na kwa pampu sipendi kuvuka 0.5.