Usiwaharakishe Kupeana Mikono

Kwa miaka mingi niliyofundisha sekondari hapa Pemba, nilimaliza ugomvi wa wanafunzi kama nilivyolelewa: niliwasimamisha mbele yangu, nikawakumbusha kwamba Waislamu ni ndugu, kisha nikawaamuru wapeane mikono. Mikono ilipeanwa, lakini haikupita wiki wakarudi kununiana, safari hii kila mmoja akiwa na wafuasi wake darasani.

Walionizindua ni wasichana wawili wa Kidato cha Tatu waliokuwa wakikaa dakhalia, yaani bweni la skuli. Mmoja alidai kwamba mwenzake amempiga fumbo mbele ya watu, naye mwenzake akaapa kuwa maneno yale hayakumhusu. Ugomvi wa fumbo ni mgumu kuamua, kwa kuwa aliyelisema hulikana na aliyelisikia hana ushahidi. Siku hiyo, kwa kuchoka zaidi kuliko kwa hekima, nilinyamaza nikamwacha kila mmoja aseme mpaka amalize. Kumbe chanzo kilikuwa ndoo ya maji: mmoja alikuwa akioga maji aliyoyateka mwenzake bila ya kumwomba, na mwenye maji akajiona amefanywa mtumishi.

Tangu hapo nawafundisha wanafunzi wasuluhishane wenyewe. Nakushauri, mwalimu mwenzangu, usiwachague viranja peke yao kuwa wasuluhishi, kwa sababu anayeandika majina ya wakosaji asubuhi haaminiki kuwa msuluhishi jioni; baadhi ya wasuluhishi wangu wazuri walikuwa wagomvi wakubwa. Zoezi linalohitaji muda mrefu kuliko yote ni kurejea maneno ya msemaji bila ya kuyapamba: “Unasema umekereka kwa sababu hukuombwa ruhusa; nimekufahamu sawa?” Wanafunzi waliozoea kuona mizozo ikipelekwa kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, au kwa mzee hutaka kutoa hukumu, kwa hiyo tunaigiza mara nyingi, na anayesema “wewe ndiye mwenye makosa” anaanza upya.

Pia wafundishe kufuatilia. Hapa huwatajia historia yetu wenyewe: vyama vya siasa vya CCM na CUF vilitia saini muafaka wa kumaliza mzozo wao Zanzibar mwaka 1999 na tena 2001, lakini uhasama uliendelea, mpaka Rais wa Zanzibar, Amani Karume wa CCM, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF walipokutana Novemba 2009 na wananchi wakapiga kura ya maoni Julai 2010 kukubali serikali ya umoja wa kitaifa. Wanafunzi wanaifahamu haraka, maana kwao wapo wazee wanaokumbuka watu waliosusiana hata maziko.

Yapo mambo yasiyosuluhishwa na wanafunzi. Udhalilishaji, vitisho na silaha viletwe kwa mwalimu siku hiyo hiyo, na msuluhishi aambiwe mapema kwamba siri ya kikao haifiki huko.

Wale wasichana hawakurudia usuhuba wao wa zamani, wala sikuwalazimisha. Walikubaliana kwamba maji yaombwe kwanza, na baada ya wiki mbili nilipowauliza, mwenye ndoo alinijibu kwa kifupi, “Anaomba, Mwalimu.”